Upande wa Kushoto wa Boti

Boti ilipofika Sakina juu ya lori la kubebea magogo, mafundi gereji wa barabara ya Nairobi waliweka spana zao chini wakaja kuishangaa. Ilikuwa kuukuu, ya faiba, tumbo lake limeota ukungu wa kijani, na mlingoti umelazwa juu yake na kufungwa kwa vipande vya tyubu za matairi. Mmoja akauliza kama Arusha imepewa bahari na wao wakasahauliwa kuambiwa. Mwenzake akamjibu kwamba hakuna bahari yoyote, ni mzee Frederick Kaaya amestaafu, na kila mstaafu ana wazimu wake: wengine hufuga kuku wa mayai, wengine hugombea uzee wa kanisa, huyu ameamua kupandisha boti mlimani.

Magdalena, mke wa huyo Frederick, hakuwapo. Alikuwa nyumbani kwao Poli, kwenye mteremko wa Meru, akikata machipukizi ya kahawa, na habari za boti alizipata jioni kwa mumewe mwenyewe, yaani alizipata kwa kijiko cha chai. Frederick hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza habari za safari alisema nzuri, na hapo safari imekwisha, hata kama njiani gari lilipinduka.

Kwa muda mrefu wa ndoa yao Frederick alikuwa fundi wa injini za boti huko Tanga. Alikuja Krismasi, na alikuja wakati wa kahawa kama likizo iliruhusu, akakaa kidogo, akarekebisha bawaba za milango, akaondoka. Magdalena alibaki na watoto, ng'ombe, migomba na kahawa. Hakulalamika, maana kazi ni kazi na watoto walisoma kwa kazi hiyo. Lakini alimpenda mumewe, na kumpenda mtu aliye mbali ni kibarua kisicho na likizo. Alijiambia kwamba siku atakapostaafu, watakula chakula cha mchana pamoja kila siku mpaka wachokane, na kwa kweli aliisubiri hata hiyo siku ya kuchokana.

Basi Frederick akastaafu, akarudi na sanduku la nguo na sanduku la vifaa, na kahawa haijachanua mara mbili, boti ikamfuata. Mzungu mmoja mzee, ambaye injini yake Frederick aliiuguza kama mtoto, alikuwa amerudi kwao na kumwachia. Nje ilikuwa nzima. Ndani, kwenye chumba cha kulala mabaharia, mvua ilikuwa imepenya kwa miaka, mbao zimeoza, na kilichosazwa na mvua kilikuwa kimeliwa na mchwa. Ilibidi chumba chote kivunjwe na kujengwa upya, na kwa kazi ya mbao Frederick hakumwamini mtu mwingine duniani ila Aminieli wa Sakina.

Huyu Aminieli walikaa naye benchi moja darasa la kipaimara. Karakana yake iko kando ya barabara, na nje amepanga anachouza: vitanda, milango, makabati ya vyombo, na upande wa nyuma, chini ya turubai, majeneza. Kwa majeneza anajulikana mpaka huko juu mlimani, maana hayatengenezi kwa haraka, na wafiwa hulitambua jambo hilo hata kama hawana nguvu ya kulisema. Boti ikawekwa uwanjani kwake juu ya magogo, kwa sababu barabara ya Poli wakati wa mvua haipandishi hata pikipiki.

Mbao zilitoka shambani kwa Magdalena. Palikuwa na mringaringa mkubwa karibu na banda la ng'ombe, uliopandwa na mama mkwe wake kuipa kahawa kivuli. Frederick alikuja akasimama chini yake asubuhi tatu mfululizo, akitazama juu. Asubuhi ya tatu Magdalena, aliyekuwa akikamua, alimwambia aukate tu. Alisema hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu alidhani anajua mbao zile zinakwenda kutengeneza nini.

Maana Frederick alikuwa amesema, siku moja wakila loshoro, kwamba ikikamilika ile boti itarudi baharini, na mtu anaweza kulala Pangani leo, kesho akaamkia kwingine, akarudi nyumbani kuvuna kahawa. Magdalena aliacha kijiko hewani akingoja mumewe aseme mtu huyo ni nani. Frederick akaomba chumvi.

Hakuuliza. Mama yake alimfundisha kwamba mtu hajialiki kwenye nyumba inayojengwa. Mjenzi ndiye humwita aje aone. Kwa hiyo akangoja kuitwa. Kila jioni Frederick alirudi na unga wa mbao kwenye nywele na harufu ya vanishi shingoni, na kila jioni Magdalena alimpangusa, akimpa nafasi ya kusema njoo uone. Frederick alisema kwamba ndani ya boti hakuna pembe hata moja iliyonyooka, kila ubao lazima kwanza ukatiwe kielelezo cha boksi la karatasi, kijaribiwe, ndipo ubao ukatwe, uchongwe, ujaribiwe tena. Kisha alikwenda kulala.

Aliyeleta maneno kamili ni Esther, mke wa Aminieli. Jumapili moja alipanda Poli kwa ubatizo wa mjukuu wa dada yake, na baada ya ibada, watu wakiwa uwanjani kwenye mnada wa sadaka, alijipenyeza mpaka kwa Magdalena. Akamwambia kitanda cha mzee wake kimekwisha, kinang'aa mpaka unaweza kufunga kilemba kwa kujitazama humo. Kitanda kimoja, akasema Esther, lakini cha kiaskofu.

Magdalena alikuwa ameinua mkono kununua mkungu wa ndizi. Akaushusha, yeye mwenye shamba zima la migomba aliyeunyoosha mkono kwa kumtukuza Mungu tu, na mkungu ukaenda kwa mwingine.

Jumanne akapika mtori, akautia kwenye chupa, akashuka Sakina. Mtu anayepeleka chakula hajajialika, amepeleka chakula. Karakana ilikuwa wazi lakini Aminieli na Frederick walikuwa wamekwenda mjini kupiga randa mbao kwenye mashine. Fundi wa gereji jirani alimsalimia shikamoo, akamwonyesha ngazi, akamshikia mpaka akafika juu.

Akashuka ndani, akasimama huku ameinamisha kichwa. Upande wa kulia kulikuwa na kitanda. Esther hakutia chumvi. Mringaringa wake aliufahamu papo hapo, ile rangi ya asali na mistari yake ya kahawia, umelainishwa kwa msasa hadi umekuwa laini kama shavu. Kitanda kilikuwa chembamba, kimebanwa miguuni kufuata ubavu wa boti, na ukingoni kina ubao wa kumzuia mlalaji asianguke mawimbi yakija. Chini yake kulikuwa na droo za kuinua kidogo kabla ya kuvuta, ili boti ikiinama zisifunguke zenyewe. Kichwani, kirafu kidogo cha kuweka miwani. Nyumbani kwao mvaa miwani alikuwa Frederick peke yake.

Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Faiba tupu, nyeupe, yenye madoa ya gundi ya zamani.

Akakaa juu ya ndoo ya vanishi iliyogeuzwa. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kazi ya kulia ilikuwa imekwisha hadi vishikio vya droo, na kushoto hata alama ya penseli hakuna. Mtu akijenga hivyo ameshakata shauri. Magdalena alilia kidogo, si sana, kisha akaona aibu kulia ndani ya boti kwenye barabara ya Nairobi, akapangusa uso, akaacha chupa ya mtori juu ya benchi la karakana, akapanda zake mlimani.

Sasa wanawake wengine wakikasirika hupiga kelele, na wengine hununa. Magdalena akikasirika hupata adabu. Jioni ile Frederick alikuta meza imetandikwa kitambaa cha kudarizi, kile cha wachungaji. Alitengewa sahani ya maua iliyokaa kabatini tangu harusi ya Brenda, binti yao. Alinawishwa maji ya moto. Aliambiwa, karibu sana, baba, na samahani kwa chakula cha kawaida. Chakula cha kawaida kilikuwa kuku.

Frederick alikula kwa wasiwasi. Akashukuru kwa ule mtori. Akaambiwa si kitu, karibu tena. Asubuhi chai ilikuja kwenye sinia, na maziwa pembeni kwenye kijagi chake. Alipoamka kwenda kumkatia ng'ombe majani alizuiwa kwa upole, akaombwa apumzike, atachoka bure. Jioni ya pili vilevile. Hakuna mume aliyewahi kuheshimiwa namna ile akabaki na hamu ya kula.

Jioni ya tatu hakukaa mezani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama Brenda," akasema, "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu liko wapi?"

Magdalena alikuwa amejitayarisha kwa mambo mengi, lakini si kwa hilo. Akaweka kijagi chini. Adabu yote ikamwishia.

"Nimeingia ndani ya boti yako," akasema. "Nimeona kitanda. Kimoja. Nilikungoja ujana wote, Frederick, sikusema kitu, kwa kuwa ilikuwa kazi. Sasa si kazi. Sasa unaniacha kwa hiari yako, tena juu ya mti wangu."

Frederick aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa na kikapu cha mayai, na ilibidi kwanza ainuke, mayai yakaangaliwa, ndipo akaketi tena. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema kwa mkupuo mmoja tangu alipoomba kumwoa.

Alisema kwamba kitanda cha nyumbani hakina shida: unamwambia fundi tano kwa sita, anakata, hajali anayelala ni nani. Boti haina tano kwa sita. Kitanda cha boti lazima kipimwe kwa mwili wa mlalaji, kikimzidi anagaagaa, kikimpungukia anaumia. Yeye alipimwa kwa kusimama ukutani karakana, basi. Kwa mkewe alitaka iwe siri mpaka kiishe. Kwa hiyo Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Magdalena aliposinzia, alichukua uzi wa katani akakaa kando ya kitanda. Magdalena hulala amejikunja, kwa hiyo alisubiri, akasubiri, mpaka ng'ombe akalia na mkewe akajinyoosha, ndipo akampima kutoka utosini hadi kisiginoni, akaukata uzi, akaukunja mfukoni.

Jumatatu aliuweka juu ya benchi la Aminieli, akasema huu ni wa Magdalena.

"Akaacha randa," akasema Frederick. "Akavua kofia. Akaniuliza, saa ngapi?"

Magdalena hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Pale karakana, na kwa seremala yeyote wa upande ule, urefu wa mtu hauji kwenye uzi ila kwa sababu moja. Aliye hai huja kwa miguu yake. Ambaye hawezi tena kuja, ndugu humpima kwa uzi, wakauleta huo uzi, na fundi hahitaji kuambiwa zaidi.

Frederick alisema Aminieli alimkumbatia, akaanza kulia, na yeye hakumsahihisha upesi. Alijua vizuri kwamba mkewe yuko nyumbani anaanika mahindi. Lakini alikuwa amepewa pole, na kwa muda ule mfupi aliiona nyumba ya Poli bila Magdalena, meza na dirisha na banda. Aliposema hatimaye kwamba ni mzima, ni kwa ajili ya kitanda, Aminieli alikasirika kama hajawahi. Aliuchukua uzi akautupa kwenye moto wa gundi. Akaapa hatakata ubao hata mmoja wa urefu ule, tena wa kitanda kilichobanwa miguuni, mpaka Magdalena asimame mbele yake kwa miguu yake mwenyewe. Na wakaahidiana wasimwambie mtu, hata Esther, maana jambo kama lile ukilirudiarudia unaliita.

"Ningekuambia nini?" Frederick akasema. "Kwamba nimeshapewa pole yako? Nikaona nikuache, utakuja mwenyewe kuchungulia kama watu wote wa Arusha. Hukuja. Nikasema basi, hataki maji, nisimlazimishe."

"Nilikuwa nangoja kuitwa," Magdalena akasema.

Walitazamana. Watu wawili wenye wajukuu, waliolala kitanda kimoja, kila mmoja akimngojea mwenzake kwa heshima, na heshima hiyo nusura iwatenganishe. Magdalena ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Akamuuliza kama Aminieli alilia kweli, na Frederick akasema alilia kabisa, hata akasema marehemu alikuwa mwanamke mkarimu. Hilo Magdalena alilipenda, akamwomba alirudie. Kisha akaondoa kitambaa cha wachungaji, wakala makande yaliyobaki ya mchana, na kila mmoja alijipakulia.

Asubuhi iliyofuata alimwachia mwana wao Nelson ng'ombe, akavaa viatu vya kufunga, wakashuka wote. Aminieli alipomwona akiingia uwanjani alisimama wima na hakujua mikono aiweke wapi. Magdalena akamsalimia, akamshukuru kwa maneno mazuri aliyomsemea, na fundi akatazama chini akatafuta penseli ambayo ilikuwa sikioni mwake.

Alimtaka asimame ukutani, pale alipopimwa mumewe. Magdalena akapanda ngazi. Wanaume wakamfuata, na walipofika ndani walimkuta upande wa kushoto, amelala chali juu ya plaiwudi tupu ya sakafuni, viatu amevua, mikono kando.

"Nipime, shemeji," akasema.

Aminieli akaitia futi yake mfukoni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu aliyelala hampimi, si kwa ubaya, ila mkono wake unakataa. Ashuke tu wakapimane kwa kusimama.

"Lakini mimi silali nikiwa nimesimama."

Aminieli hakuitoa futi. Alikuwa amegeukia ngazi, na Magdalena aliona kwamba mtu huyu hafanyi ukaidi. Anaogopa, tena anaogopa kwa ajili yake. Akamhurumia. Alitazama dari kidogo, akafikiri. Kisha akajisogeza hadi bega lake likagusa ubavu wa boti, na akapigapiga plaiwudi kando yake.

"Baba Brenda, njoo ulale hapa."

Frederick alimtazama Aminieli, akamtazama mkewe, akavua kofia na viatu. Akajilaza kwa taabu, goti moja likilia. Bega lake likakutana na la Magdalena. Alinukia vanishi na sabuni ya kufulia, na Magdalena alifurahi mpaka akaona haya mbele ya fundi.

"Shemeji," akasema, "tangu umeanza kazi yako, umewahi kutengeneza jeneza la watu wawili?"

Aminieli alilifikiria swali kama fundi, bila haraka, akirudi nyuma miaka yote ya kazi yake.

"Hapana," akasema. "Hilo sijawahi."

"Basi pima."

Futi ikatoka mfukoni. Alipima urefu wa Frederick, ndiye mrefu, kisha akapima upana, kutoka bega la Magdalena lililo ubavuni hadi bega la nje la mumewe, akaongeza kidogo, kwa ajili ya mtu anayejikunja. Aliandika kwa penseli kwenye faiba nyeupe. Halafu akashusha pumzi. Akasema haiwezekani. Kitanda cha upana huo kinakula njia yote ya katikati na kupita. Njia italazimika kuhamia kulia, na kulia kuna kile kingine.

Kile kingine kilikuwa kinang'aa pale kwa mwanga wa mlangoni, na droo zake, na ubao wake wa kuzuia mlalaji, na kirafu chake cha miwani, kazi ambayo Aminieli hakuwahi kufanya nzuri kuliko hiyo na ambayo aliwaita mafundi wote wa barabara ya Nairobi waje waione.

Frederick hakugeuza hata kichwa kukitazama.

"Vunja," akasema.

Aminieli akashuka kutafuta nyundo, na hakuwa na haraka ya kurudi.